Kusindikiza, Kufungua au Kutangulia: Istilahi za Msanii Anayepanda Jukwaani Kabla ya Msanii Mkuu

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna Kiswahili kinavyomtaja msanii anayetumbuiza kabla ya msanii mkuu katika onesho la muziki. Maneno yanayotumika ni mengi, lakini hakuna hata moja lililokwishatua kama istilahi. Kwa kulinganisha istilahi za lugha kadhaa za kigeni na vitenzi vinne vya Kiswahili, yaani kusindikiza, kufungua, kupasha moto na kutangulia, makala inaonesha kwamba tatizo si upungufu wa msamiati bali ni kuchanganywa kwa dhana mbili: mfuatano wa wasanii jukwaani na tofauti ya hadhi baina yao. Inajengwa hoja kwamba kitenzi kinachotawala mabango, kusindikiza, kinataja hadhi na kunyamazia mfuatano, na kwa hiyo hakiwezi kubeba peke yake data ya mtafiti wala masharti ya mkataba. Istilahi za onesho la utangulizi na msanii wa utangulizi zinapendekezwa, na mipaka ya pendekezo hilo inaelezwa.

Maneno ya msingi: istilahi, muziki, mabango, kusindikiza, utangulizi, bashraf

1.0 Suala Lilipoanzia

Katika rasimu ya sura moja ya tasnifu yangu kuhusu lugha ya matangazo ya muziki, niliandika kwamba msanii chipukizi hupata hadhira yake ya kwanza kubwa akiwa "msindikizaji". Mmoja wa waliosoma rasimu hiyo aliandika pembeni swali fupi: hawa ni wapiga ala wa nyuma, ni wanenguaji, au ni waimbaji wanaotangulia? Nilidhani jibu lilikuwa wazi. Niliporudi kwenye jedwali la data niligundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimewaweka watu wa aina zote tatu katika safu moja, kwa sababu tu mabango niliyoyakusanya yaliwataja wote kwa kitenzi kimoja. Safu hiyo ilibidi ivunjwe, na kila hesabu iliyoitegemea ikarudiwa. Makala hii imetokana na kazi hiyo ya kurudia.

Dhana inayohusika inaweza kuelezwa bila kutumia neno lolote kati ya yale yanayobishaniwa. Ni msanii au kikundi kinachotumbuiza katika tukio moja na msanii mkuu, kabla yake, kwa muda mfupi kuliko wake, mbele ya hadhira ambayo kwa sehemu kubwa haikuja kwa ajili yake. Nimeanza na dhana kwa makusudi. Eugen Wüster, mwanaistilahi wa Austria ambaye kazi zake ndizo msingi wa nadharia jumla ya istilahi, alisisitiza kwamba kazi ya istilahi huanzia kwenye dhana na kuishia kwenye jina, na kwamba hali bora ni ile ambayo dhana moja ina istilahi moja. Maria Teresa Cabré amelipinga wazo hilo la pili kwa kuonesha kwamba istilahi huishi ndani ya mawasiliano halisi, na kwamba kubadilika kwake kulingana na mazingira si kasoro ya kurekebishwa. Katika suala hili ninamfuata Wüster katika mwanzo na Cabré katika mwisho: tuijue dhana kwanza, kisha tukubali kwamba bango la mtaani na jedwali la mtafiti havilazimiki kutumia neno lilelile.

2.0 Lugha Nyingine Zilivyotazama Dhana Hii

Ukizilinganisha lugha mbalimbali, utaona kwamba kila moja imechagua upande mmoja wa dhana na kuuacha mwingine. Kijerumani husema "Vorband" au "Vorgruppe" na Kiswidi "förband", ambapo kiambishi cha mwanzo kina maana ya "kabla". Hapa kinachotajwa ni wakati tu. Kihispania kina "telonero", neno linalotokana na "telón", pazia la jukwaa. Msanii huyu ni mtu wa pazia, anayefanya kazi wakati pazia linafunguka. Picha hiyohiyo imo katika Kifaransa "lever de rideau", kuinuliwa kwa pazia, ambalo asili yake ni tamthiliya fupi iliyooneshwa kabla ya tamthiliya kuu na ambalo Kiingereza kimelitafsiri kwa matumizi yake chenyewe. Wareno wa Brazil husema "banda de abertura", bendi ya ufunguzi. Wafini humwita "lämmittelijä", mtia joto, na Wanorwe "oppvarmingsband", bendi ya kupasha joto. Waitaliano wamechagua bega: "gruppo spalla" ni kikundi cha bega, yaani cha kuegemewa, na neno "spalla" linatumika pia kwa mchekeshaji wa pili anayemtengenezea mwenzake nafasi ya kuchekesha. Kiingereza cha Uingereza hupendelea neno lenye maana ya kuunga mkono, ilhali kile cha Marekani hupendelea lile la kufungua. Tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana, kwa sababu la kwanza linataja uhusiano na la pili linataja zamu.

Kijapani ndicho kinachosema wazi zaidi kuhusu hadhi. Neno "zenza", ambalo maana yake sisisi ni kiti cha mbele, limetoka katika sanaa ya usimulizi wa vichekesho iitwayo rakugo. Huko "zenza" ni daraja la chini kabisa la mwanafunzi. Juu yake kuna "futatsume", na juu kabisa kuna "shin'uchi", bingwa anayefunga onesho. Msanii wa roki anayeitwa "zenza" leo amerithi ngazi nzima ya uanagenzi katika neno moja. Atakayemwita hivyo mtu aliyekwisha kuwa bingwa mahali pengine hana budi kujieleza.

Kuna kundi lingine ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu linatufaa. Kifaransa cha leo husema "première partie", sehemu ya kwanza, na Kiholanzi "voorprogramma", programu ya awali. Lugha hizi mbili hazimtaji mtu kabisa. Zinataja sehemu ya tukio, kisha zinamweleza msanii kuwa ndiye aliyepewa sehemu hiyo.

3.0 Kitanguliacho katika Muziki wa Waswahili

Ingekuwa kosa kudhani kwamba dhana ya kutangulia jukwaani ilikuja na mabango ya kisasa. Taarabu ya Unguja ina utaratibu wake. Onesho la asili la vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, hufunguliwa kwa bashraf, yaani kipande cha ala kisicho na mashairi. Bashraf humpa mpiga kanuni, wa fidla na wa udi nafasi ya kusikilizana, na humpa msikilizaji nafasi ya kukaa vizuri, kabla mwimbaji hajasimama.

Asili ya neno hili inastahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili kimelipata kupitia Kiarabu, ambacho kililipata kutoka Kituruki cha zama za Osmani, "peşrev", nacho kililipata kutoka Kiajemi. Katika Kiajemi sehemu ya kwanza ya neno ina maana ya "mbele" na ya pili inatokana na kitenzi cha "kwenda". Bashraf, basi, ni kiendacho mbele. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema kitangulizi. Waswahili wamekuwa na neno la kitangulizi cha muziki kwa zaidi ya karne moja bila kulihesabu kama hivyo. Hata hivyo bashraf inataja kipande cha muziki, haimtaji mtu. Wanaoipiga ni walewale watakaomsindikiza mwimbaji usiku kucha. Hakuna anayeteremka jukwaani ili mkubwa apande.

Ngoma za mashindano zinatupa sura tofauti kabisa. Katika ngoma za Wasukuma, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno yakicheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Katika beni za Tanganyika, Marini na Arinoti walikuwa mahasimu waliojipima kwa sare, ala na karamu. Katika mpangilio wa namna hii hakuna wa kwanza mdogo na wa mwisho mkubwa. Kuna wawili sawasawa wanaogombania hadhira ileile. Bendi za dansi nazo, kwa desturi ya miongo mingi, hupiga ukumbini usiku mzima zenyewe. Bendi ndiyo inayojipasha kwa nyimbo za taratibu, na bendi hiyohiyo ndiyo inayofika kwenye chemko.

Kwa hiyo kilicho kigeni kwetu si kutangulia. Kigeni ni kule kugawanywa kwa usiku mmoja baina ya watu wasiolingana, ambapo mmoja amelipiwa kiingilio na mwingine amepewa nafasi. Nadhani hii ndiyo sababu Kiswahili, kilipohitaji neno la hali hiyo, hakikwenda kulichukua kwenye taarabu wala kwenye ngoma. Kilikwenda kulichukua njiani, kwenye adabu za kuagana na mgeni.

4.0 Kusindikiza

Bango la kawaida la muziki wa Bongo Fleva lina muundo unaotambulika hata kwa mbali. Jina la msanii mkuu limeandikwa kwa herufi kubwa pamoja na picha yake. Chini yake kuna neno "akisindikizwa na", kisha majina kadhaa kwa herufi zinazozidi kupungua. Watangazaji wa redio hutumia muundo uleule, na waandishi wa habari za ngumi pia, wanaposema pambano kuu litasindikizwa na mapambano mengine.

Maana ya msingi ya kusindikiza ni kumtoa mgeni, kwenda naye sehemu ya njia kwa heshima. Mambo matatu yamo ndani ya maana hiyo. La kwanza, safari si ya msindikizaji. Ni ya mgeni. La pili, msindikizaji huenda sambamba na mgeni au nyuma kidogo, si mbele yake. La tatu, na ndilo lenye uzito, msindikizaji hafiki. Anaishia njia panda au kituo cha basi, kisha anarudi. Neno lilipohamia jukwaani lilikuja na yote matatu. Msanii anayesindikiza yupo kwa ajili ya safari ya mwingine, na usiku utakapofika mahali pake yeye atakuwa amekwisha kuteremka.

Lakini jambo la pili linagongana na hali halisi, kwa sababu msanii huyu hutangulia. Mgongano huu unafichwa na sarufi. Katika "akisindikizwa na", kiambishi -ki- kinaonesha tendo linalotendeka sambamba na tendo la kitenzi kikuu, kama katika sentensi "alipita akiimba". Bango linalosema kwamba fulani atatumbuiza akisindikizwa na fulani halisemi, kwa umbo lake, nani ataanza. Laiti lingesema "akitanguliwa na", mfuatano ungekuwa bayana. Msomaji wa bango hujua nani atapanda kwanza kwa uzoefu wake wa maonesho, hajui kwa kusoma.

Tena kauli ya kutendwa inamfanya msanii mkuu kuwa kiima. Wengine wote wanakuja baada ya "na", wakiwa watendaji wasiotawala sentensi. Na kwa kuwa "na" inaweza kubeba orodha, inabeba kila mtu: waimbaji wanaotangulia, mgeni atakayeitwa katikati ya onesho waimbe wimbo walioshirikiana, kundi la wanenguaji, bendi ya kumpigia ala, na mchezesha muziki atakayejaza nafasi kati ya msanii na msanii. Wote wanamsindikiza. Hapo ndipo safu yangu ya jedwali ilipoharibikia.

Umbo la nomino lina tatizo la ziada. Katika lugha ya michezo na ya siasa nchini Tanzania, msindikizaji ni mshiriki asiye na tumaini la kushinda. Kocha husema timu yake "haiendi kusindikiza", na kila msikilizaji anaelewa. Mgombea anayeitwa msindikizaji ametukanwa kwa upole. Ni jambo la kutarajiwa, basi, kwamba kitenzi kinatumika bila kuudhi ilhali nomino inakwepwa. "Nitamsindikiza fulani Jumamosi" ni habari njema kwa msanii chipukizi. "Mimi ni msindikizaji" ni sentensi nyingine. (Jina la tendo lenyewe linakaribiana mno na "usindikaji", ambao siku hizi ni wa mazao na mafuta ya alizeti. Mhariri asiye makini anaweza kumpeleka msanii kiwandani.)

5.0 Mfuatano na Hadhi Zinapoachana

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tofauti hii isiachwe, maadamu anayetangulia kwa kawaida ndiye mdogo. Jibu ni kwamba mara nyingi mambo haya mawili huachana, na matukio ambamo huachana ndiyo yenye thamani kwa mtafiti wa historia ya muziki.

Mwezi Februari 1963 kundi la Beatles lilizunguka Uingereza likiwa miongoni mwa wasanii waliomtangulia Helen Shapiro, mwimbaji mwenye umri wa miaka 16. Kufikia ziara ya Mei mwaka huohuo, ambamo walikuwa pamoja na Roy Orbison, mwanamuziki wa Marekani aliyekuwa na jina kubwa kuliko lao kimataifa, Beatles ndio waliofunga onesho. Katika miezi mitatu nafasi yao katika mfuatano iligeuka. Je, Orbison alikuwa mdogo wao? Kwa mfuatano, alitangulia. Kwa hadhi, hakuna mwandishi wa habari wa wakati ule ambaye angethubutu kumwita chipukizi.

Julai 1967 Jimi Hendrix aliwatangulia Monkees katika ziara ya Marekani kwa maonesho machache tu, kisha akajitoa. Hadhira ya vijana wadogo waliokuja kuwaona nyota wao wa televisheni haikuwa na haja na gitaa lake. Oktoba 1981 Prince alipanda kabla ya Rolling Stones katika uwanja wa Coliseum mjini Los Angeles, akazomewa na kurushiwa vitu. Matukio haya mawili husimuliwa kama vioja, na ni kweli yanafurahisha. Kwa mtazamo wa istilahi, hata hivyo, yanaonesha sehemu ile ya dhana ambayo karibu maneno yote ya lugha zote yameiacha: hadhira haikuja kwa ajili yake. Neno la Kifini la kutia joto linadhani kwamba joto litapatikana. Kusindikiza kunadhani kwamba mgeni na msindikizaji wanajuana. Pale Los Angeles hakuna kilichopashwa joto isipokuwa hasira.

Tofauti hii ina uzito pia katika kazi ya kila siku ya jukwaa. Katika maonesho makubwa majaribio ya sauti hufanywa kinyume cha mfuatano wa onesho. Msanii mkuu hujaribu kwanza, ala zake husogezwa nyuma au hufunikwa, na anayetangulia hujaribu mwisho ili vyombo vyake vibaki tayari mbele. Msanii mkuu akichelewa, muda unaoliwa ni wa yule wa mwisho kujaribu, ambaye ndiye atakayepanda kwanza. Katika soko la muziki la Ulaya na Marekani kuna hata ziara ambazo kampuni ya kurekodi hulipia nafasi ya msanii wake kutangulia, yaani mtumbuizaji hununua kazi badala ya kulipwa kwa ajili yake. Mkataba wa Kiswahili utakaomwandika msanii wa namna hii kuwa "atasindikiza" haujasema atapanda lini, atakaa jukwaani dakika ngapi, wala kama atajaribu sauti. Umesema tu kwamba safari si yake. Katika mgogoro, kifungu cha namna hiyo hakina la kumwonesha msuluhishi.

6.0 Kufungua na Kupasha Moto

Vitenzi hivi viwili vinaweza kushughulikiwa kwa haraka, ingawa vyote viwili vinasikika mitaani.

Kufungua jukwaa au kufungua shoo ni usemi unaoeleweka, na una jozi yake kamili, kwa kuwa msanii mkuu husemwa kuwa "anafunga shoo". Kikwazo ni itifaki. Katika shughuli rasmi za Afrika Mashariki anayefungua tamasha ni mgeni rasmi: waziri, mkuu wa mkoa au mwakilishi wake. "Mfunguzi wa tamasha" atakuwa ameketi meza kuu na maji yake ya chupa, wala hataimba. Kitenzi kinaweza kuendelea kutumika pamoja na neno jukwaa, ambalo viongozi hawalifungui, lakini nomino na jina la tendo vimekwisha kuchukuliwa.

Kupasha moto kuna kisa chake. Wanamichezo hupasha misuli moto, kwa hiyo picha ya kupasha hadhira moto si ngeni. Tatizo linaanza tunapotaka kumpata mtenda. "Mpashaji" katika masikio ya mpenzi wa taarabu ni mtu wa mipasho, anayempasha mwenzake ukweli wake hadharani, na msanii anayetangulia ana sababu zote za kutotaka kutambulishwa hivyo mbele ya watu wa msanii mkuu. Atakayekimbilia kitenzi jirani cha kuchemsha atajikuta pabaya zaidi, kwani katika Kiswahili cha vijana aliyechemsha ni aliyeboronga.

7.0 Kutangulia, na Pendekezo

Kinabaki kitenzi kinachosema hasa kinachotokea. Kutangulia hakudai kwamba anayetangulia ni mdogo. Mtu mzima hutangulia, mgeni hutangulizwa, na katika lugha ya msiba waliotutangulia ni wale tunaowataja kwa heshima kubwa kuliko walio hai. Kwa hiyo neno linataja mfuatano na kuiacha hadhi isemwe na maneno mengine, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

Nomino "mtangulizi", hata hivyo, imeshikwa. Katika habari za siasa na uongozi mtangulizi ni aliyeshika cheo kabla ya aliyepo sasa. Katika mafundisho ya Kikristo ni Yohana Mbatizaji. Kusema "mtangulizi wa Remmy Ongala" kutamfanya msomaji afikirie wanamuziki wa enzi iliyopita, si bendi iliyopiga saa moja kabla yake ukumbini. Baadhi ya wenzangu wamependekeza "msanii tangulizi", kwa kufuata mfano wa "makala tangulizi". Umbo ni fupi na sahihi, ila kivumishi hiki kinaonekana kukaa vizuri zaidi na maandishi kuliko na watu.

Lugha ya michezo tayari imetatua suala hili bila kuunda kikao. Mashabiki wa mpira huiita mechi ya timu za vijana inayochezwa kabla ya mechi kubwa "mechi ya utangulizi", na wapenzi wa ngumi wana "mapambano ya utangulizi". Kama Wafaransa na Waholanzi tuliowaona katika sehemu ya 2.0, wametaja tukio kwanza. Mtu anafuata. Kwa muundo huohuo ninapendekeza "onesho la utangulizi" kwa sehemu ya tukio, na "msanii wa utangulizi" au "bendi ya utangulizi" kwa mtendaji. Kwa upande wa pili iwepo "onesho kuu" na "msanii mkuu", ambazo tayari zinatumika.

Tukizipima kwa vigezo ambavyo wanaistilahi wa Kiswahili wamevizoea, istilahi hizi zina udhahiri, kwa sababu mtu asiyezijua anaweza kuzikisia. Zina uzalishi: ziara ya utangulizi, malipo ya utangulizi, nafasi ya utangulizi. Zinaoana na mfumo uliokwishajengwa na michezo. Kwa iktisadi zinashindwa kidogo, kwa kuwa ni virai na si neno moja, na kiambatanishi -a huzirefusha kila zinapoingia kwenye jedwali. Ukubalifu hauwezi kutabiriwa. Neno "mshereheshaji" lilishika bila kusukumwa na mtu, ingawa hadi leo wengine huliandika "mshehereshaji". Maneno mengine yaliyotolewa kwa orodha yamebaki kwenye orodha. Wajumbe wa BAKITA na BAKIZA wanajua zaidi yangu kuhusu jambo hilo. Kuna pia pingamizi dogo kutoka kwa wasomaji wa makala kama hii, ambao kwao utangulizi ni sura ya kwanza ya tasnifu, inayorukwa. Sioni kwamba pingamizi hilo linaidhuru istilahi. Msanii wa utangulizi naye hutumbuiza wakati watu wangali wanatafuta viti.

Sipendekezi kwamba kusindikiza kufutwe. Kwenye bango kinafanya kazi ambayo istilahi ya kitaaluma haiwezi kuifanya: kinakusanya watu wote wasio msanii mkuu kwa neno moja la adabu. Kibaki kuwa neno la jumla. Chini yake mtafiti na mwandishi wa mkataba waweke aina mahususi: msanii wa utangulizi, msanii mwalikwa anayepanda katikati ya onesho kuu, wapiga ala na wanenguaji. Kwa mpangilio huu sentensi "msanii wa utangulizi anamsindikiza msanii mkuu" haina mgongano, kama vile "mhadhiri ni mwajiriwa" isivyo na mgongano.

Katika jedwali langu lililorekebishwa, safu ya "wasindikizaji" imekuwa safu mbili zinazojitegemea. Moja inaandika namba ya zamu ya kupanda jukwaani, kwa kadiri inavyoweza kuthibitishwa nje ya bango. Ya pili inaandika nafasi ya jina kwenye bango na ukubwa wa herufi zake. Mabango mengi yanakaa humo bila shida. Yasiyokaa ni yale ya matamasha makubwa yanayozunguka mikoani, ambayo huweka picha za wasanii kumi au zaidi kwa ukubwa mmoja na kuandika "wote jukwaa moja". Hayo hayana msanii mkuu, na kwa hiyo hayana msanii wa utangulizi, hata kama kuna mtu aliyepanda saa moja jioni mbele ya viti vitupu na mwingine aliyepanda saa nane usiku. Nimeyaweka katika jedwali la peke yake, na safu ya zamu humo imejazwa kwa saa badala ya namba.